Kwani mbavu nazo huungwa? Na yule anayeshika mikasi ni nani?

Wiki mbili zilizopita, pale soko la Mwanga, hapa Kigoma, ulizuka ubishi ulionisahaulisha nyanya nilizokwenda kununua. Ulianzia kwenye meza ya mama mmoja anayeuza dagaa na migebuka mikavu. Binti yake yuko Marekani, anasomea kazi ya chumba cha upasuaji, na jina la kazi hiyo kwa Kiingereza lina neno "teknolojia" ndani yake. Asubuhi ile binti alituma ujumbe wa sauti. Mama akaufungua kwa sauti ya juu, kama tunavyofanya wote siku hizi, na meza zote za jirani zikasikia: "Shikamoo mama. Leo miguu inaniuma kweli, nimesimama zaidi ya saa tatu, tulikuwa tunaunga mbavu za mzee mmoja aliyeanguka kwenye ngazi."

Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri chenji akadakia. "Mbavu zinaungwa? Mbavu si unafungwa kanga unakaa ndani?"

Mzee mmoja mwenye galoni zake za mawese akaja na lake. "Huyo binti ni daktari?"

"Hapana."

"Nesi?"

"Mwenyewe anasema si nesi."

"Sasa si daktari, si nesi, anaunga mbavu za watu kwa kibali cha nani?"

Mwingine akasema jina lenyewe ni teknolojia, basi huyo ni fundi wa mashine, labda anarekebisha taa. Mama akanigeukia. "Sista, wewe si ulikaa thieta? Hebu tusaidie."

Nilikaa thieta, yaani chumba cha upasuaji, miaka 17 kabla ya kustaafu. Niliwajibu juujuu pale sokoni, nikaondoka na nyanya zangu, lakini watu wameendelea kunisimamisha njiani na vipande vya maswali yaleyale. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja.

Walionawa na wasionawa

Tuanze na majina, maana ubishi mwingi ulikuwa wa majina tu.

Chumba cha upasuaji kina watu wa aina mbili: walionawa na wasionawa. Walionawa ni wale waliosugua mikono kwa dawa mpaka kwenye viwiko, wakavaa joho na glavu zilizouawa vijidudu. Hao wanaruhusiwa kugusa vitu safi vya upasuaji na kidonda chenyewe, na hawaruhusiwi kugusa kitu kingine chochote. Pua ikiwasha, inawasha hivyohivyo. Wasionawa ni mtaalamu wa usingizi, aliye kichwani kwa mgonjwa na mashine yake, pamoja na muuguzi anayezunguka chumbani akifungua pakiti, akileta kilichopungua na kuandika kila kinachotumika.

Kwa kawaida walionawa ni watatu. Yupo daktari wa upasuaji, yupo msaidizi wake, na yupo yule anayesimama kwenye meza ya vyombo. Binti wa Mama ni huyo wa tatu. Kule Marekani mtu anaweza kusomea kazi hiyo peke yake, kwa muda wa mwaka mmoja hadi miwili hivi, akapata cheti chake, bila kupitia uuguzi. Kwetu hapa kazi hiyohiyo hufanywa na wauguzi. Ndiyo niliyoifanya mimi. Humu nitamwita mtu wa meza, awe amesoma njia yao au njia yetu.

Mzee wa mawese apokee jibu lake sasa: kibali ni cha daktari. Mtu wa meza hachunguzi ugonjwa, haandiki dawa, hampi mgonjwa usingizi, wala haamui ubavu upi uungwe na upi uachwe. Fundi wa mashine pia siye, ingawa atakuwa wa kwanza kujua betri ya drili imeisha.

Kazi hii ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Zile glavu za mpira unazoziona kila zahanati zina deni kwa mtu wa meza. Katika majira ya baridi ya 1889 kuelekea 1890, huko Baltimore, muuguzi Caroline Hampton wa hospitali ya Johns Hopkins alikuwa anababuka mikono kwa dawa kali ya zebaki iliyotumika kuulia vijidudu. Daktari wake wa upasuaji, William Halsted, akaagiza kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira. Waliooana mwaka huohuo wa 1890 ni hao hao wawili, kwa hiyo kila mtu akisie mwenyewe glavu zilitoka kwenye sayansi au kwenye mapenzi. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilifundisha askari kushika meza ya vyombo kwa sababu wauguzi hawakutosha. Hapo ndipo ilipoota mizizi ile njia ya kusomea kazi ya meza bila kuwa muuguzi.

Mataruma ya kifua

Sasa mbavu. Ukienda Kibirizi wanakochonga maboti utaona kwanza mkuku, ule mti mrefu wa chini, halafu mataruma yaliyopinda kutoka mkukuni kwenda juu, ndipo mbao za ubavuni zipigiliwe. Kifua chako kimejengwa hivyohivyo, mkuku ukiwa ni uti wa mgongo. Mataruma yake ni 24, jozi 12. Jozi 7 za juu zinashika moja kwa moja kwenye mfupa wa kidari mbele. Jozi 3 zinazofuata zinafika huko kwa kujiegemeza kwenye gegedu (mfupa laini) la zile za juu yake. Jozi 2 za mwisho hazifiki mbele kabisa, zinaning'inia. Mwanaume ana 24 na mwanamke ana 24. Nimewahi kuombwa na muumini mmoja mwenye wasiwasi nimhesabie mumewe. Nilimhesabia. Zilitimia.

Ila boti likishapigwa misumari halitikisiki, na kifua hakina ruhusa ya kutulia. Mtu mzima aliyepumzika anavuta pumzi kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Chukua hiyo ya chini, 12, uizidishe kwa siku nzima: ni zaidi ya mara 17,000. Kila mara mbavu zinapanda na kutanuka, kifua kinakuwa kama mvukuto wa mhunzi, hewa inaingia. Mkono ukivunjika unafungwa hogo ukaning'inizwa shingoni, ukapumzika. Ubavu ukivunjika unaendelea na kazi usiku na mchana, ukiwa umevunjika.

Hata hivyo mbavu nyingi zilizovunjika huunga zenyewe. Hili nalisema kwa herufi kubwa za moyoni, kwa sababu baada ya ule ujumbe wa binti kuna watu wameanza kudhani kila mwenye ufa ubavuni anastahili vyuma. Mbavu moja au mbili, zisizohama mahali pake, kwa mtu mwenye afya, hupona kwa wiki kama 6. Tiba yake ni dawa ya maumivu ya kutosha, kuvuta pumzi ndefu kwa makusudi, kukohoa huku umekumbatia mto, na kutembea.

Na kanga? Kijana wa bodaboda hakubuni. Zamani hata hospitali zilikuwa zinafunga kifua kwa bandeji pana. Zikaacha. Ukikaza kifua, maumivu yanapungua kidogo kwa sababu kifua hakitanuki, na hapohapo ndipo balaa linapoanzia. Pafu lisilotanuka linabaki na makohozi chini, mgonjwa hakohoi kwa kuogopa maumivu, siku ya nne au ya tano anapandwa na homa. Nimonia. Wazee ndio wanaoondoka kwa njia hiyo, na nyumbani wanasema alikuwa anaendelea vizuri tu na kanga yake. Kuchua kwa mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, nako ni hivyo. Mafuta hayana kosa, kosa ni vidole vinavyosukuma ncha ya mfupa uliovunjika kuelekea ndani.

Wanaopasuliwa ni wachache, na ni wagonjwa hasa. Hapa kwetu mtu wa aina hiyo ni yule aliyeanguka kutoka kileleni mwa mchikichi mrefu akikata mikungu, au dereva wa bodaboda aliyekutana na lori. Mbavu tatu au zaidi zinazofuatana zinaweza kuvunjika kila moja sehemu mbili, kikabaki kipande cha kifua kinachoelea, hakijashikwa na chochote. Chukua chupa laini ya maji ya plastiki, weka mdomo, vuta hewa. Ubavu wa chupa unabonyea ndani. Kipande kile kinafanya hivyohivyo: mgonjwa akivuta pumzi, kifua chote kinatoka nje na hicho kinaingia ndani, akitoa pumzi, kinageuza. Ukiliona hilo kwa macho yako hulisahau. Mwingine ana mifupa iliyopishana na kuchoma pafu, au maumivu yasiyosikia dawa, au ameshindwa kuachana na mashine ya kupumulia. Wapo pia ambao miezi imepita na mbavu zimekataa kushikana.

Hao ndio daktari anaowafikiria kuwaunga, na kwa wengi anapenda afanye mapema, ndani ya siku tatu za kwanza ikiwezekana, kabla damu iliyoganda na uvimbe havijageuza sehemu ile kuwa matope. Zinazoungwa ni ile ya 3 mpaka ya 10, kwa kawaida. Mbili za juu zimejificha chini ya mtulinga karibu na mishipa mikubwa ya damu, kuzifuata ni kutafuta ugomvi. Mbili za mwisho zinaning'inia tu, mchango wake katika pumzi ni mdogo. Hata kati ya zilizovunjika si zote huwekewa vyuma. Huungwa zile zinazotosha kurudishia kifua uimara wake.

Kwenye meza

Upasuaji huu nimeushuhudia mara mbili, nikiwa mafunzoni kwenye hospitali kubwa nje ya mkoa wetu. Nilichokiona ndicho ninachokieleza hapa, pamoja na yale ambayo mtu wa meza hufanya katika kila upasuaji.

Kazi yake inaanza mgonjwa akiwa bado wodini. Anaangalia picha, ile ya CT inayoonyesha mwili kipande kwa kipande ikiwepo, ajue ni upande gani, mbavu zipi, zimevunjikia mgongoni, ubavuni au mbele. Hilo linamwambia mgonjwa atalazwaje na vyombo gani viwe karibu. Mvunjiko uliojificha chini ya bega, kwa mfano, unataka bisibisi na drili zenye shingo iliyopinda kama pembe ya mlango, kwa sababu iliyonyooka haitaingia. Ukigundua huna wakati kidonda kimeshafunguliwa, umechelewa.

Halafu vyombo vyenyewe. Vinatoka kwenye mtungi wa mvuke, ndugu yake mkubwa presha kuka unayochemshia maharage. Joto la nyuzi 121 au 134, kutegemea aina ya mzunguko, kwa muda uliopangwa. Kila kifurushi kina utepe unaobadilika rangi ukipita kwenye mvuke, na ndani kina kijikaratasi kingine cha ushahidi. Rangi isipobadilika, kifurushi kizima kinarudi, hata kama daktari ameshanawa na anapiga mguu chini.

Kisha anapanga meza. Kila mtu ana mpango wake lakini mpango hauchezewi katikati ya kazi: visu hapa, mikasi hapa, vibanio, vya kutanulia kidonda, vya kukwangulia mfupa, drili, mabamba ya titani yaliyopindwa tayari kufuata mpindo wa ubavu, na kasha la skrubu zilizopangwa kwa urefu. Akimaliza anahesabu kwa sauti pamoja na yule muuguzi asiyenawa. Vitambaa vya kufutia damu, sindano, visu, kila kitu. Namba zinaandikwa ubaoni.

Kabla kisu hakijagusa ngozi, wote wanasimama. Jina la mgonjwa? Upande gani? Upasuaji gani? Dawa ya kuzuia maambukizi imeshaingia? Utaratibu huu una orodha ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2008, na ilipojaribiwa kwenye hospitali za miji minane duniani, mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara yetu. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa maswali tu. Kuna siku nilikuwa naona maswali yale ni usumbufu. Namba hiyo ilininyamazisha.

Mgonjwa amelala ubavu wake mzima, mkono wa upande mbovu umeinuliwa. Mtaalamu wa usingizi anaweza kuwa ameweka mrija wa aina maalumu unaomwezesha kupumzisha pafu la upande unaofanyiwa kazi. Daktari anachana ngozi, halafu misuli anaitenganisha kwa kufuata nyuzi zake badala ya kuikata, ili mtu aje anyanyue mkono bila shida baadaye. Kuanzia hapa mtu wa meza haangalii meza yake, anaangalia kidonda. Hili ndilo watu hawalijui. Wanadhani anasubiri kuagizwa: nipe mkasi, anatoa mkasi. Mtu wa meza anayesubiri kuagizwa ni mwanafunzi. Mzoefu anaona damu inachuruzika, na kibanio kiko kiganjani mwa daktari kabla mdomo haujafunguka. Daktari ananyoosha mkono bila kugeuza macho, chombo kinatua kwa kishindo kidogo ili asikie kimefika, upande wa kushikia ukiwa kwake. Kisu peke yake hakipitishwi mkono kwa mkono. Kinawekwa kwenye kibakuli chenye umbo la figo, daktari anakichukua mwenyewe, anakirudisha humohumo.

Mfupa ukishaonekana, ncha mbili zinasafishwa damu iliyoganda na kurudishwa zikutane. Ukingo wa chini wa kila ubavu una mfereji, na ndani ya mfereji huo unapita mshipa wa damu unaopeleka, mwingine unaorudisha, na mshipa wa fahamu. Kwa hiyo kila chombo kinachoingia huko kinaingia kwa adabu.

Sasa kipimo. Daktari anaweka kifaa mithili ya koleo lenye rula, anasoma unene wa ubavu. "Kumi."

"Kumi," anaitikia mtu wa meza, anachomoa skrubu kwenye kasha, anaipima tena kwenye rula iliyo mezani, anaikabidhi. "Kumi hii."

Unaona wanarudiarudia kama wanaocheza mdako. Lakini tazama kilicho chini. Ubavu wa mtu mzima una unene wa milimita 8 hadi 12 hivi, na nyuma yake limekaa pafu. Skrubu ikizidi, ncha yake inatokea upande wa pili. Ikipungua, haishiki ukuta wa pili wa mfupa, na kifua hiki kitaivuta mara 17,000 kwa siku mpaka iachie. Tofauti kati ya skrubu ya 10 na ya 12 ukiziweka kiganjani huioni kwa macho ya saa ya tatu ya kusimama. Ndiyo maana haiaminiwi kwa macho.

Bamba linapindwa kidogo lilale vizuri, linashikizwa. Drili inaunguruma, sauti yake ni ileile ya fundi seremala ila fupifupi, na maji yanamwagiwa mfupa usiungue kwa joto. Anayemwaga au kuyafyonza maji hayo mara nyingi ni mtu wa meza au msaidizi. Kwa kawaida skrubu tatu upande huu wa mvunjiko, tatu upande ule. Ubavu unaofuata. Kila skrubu iliyoingia inatajwa na kuandikwa, hata iliyoingia ikakataa ikatolewa. Ncha ya drili ikikatika, vipande vyote viwili vinatafutwa na kuunganishwa mezani mpaka vitimie.

Baadaye kinakuja kitu ambacho vijana wa bodaboda watakielewa kuliko madaktari. Pancha unaitafutaje? Fundi anajaza tairi upepo, analizamisha kwenye karai la maji, anaangalia mapovu yanatokea wapi. Kifuani ni vilevile. Wanajaza maji ya chumvi ya uvuguvugu, mtaalamu wa usingizi analipuliza pafu taratibu, wote wanainama kutazama. Mapovu yakitoka, pafu lina tundu. Ndipo unapowekwa mrija wa kifua unaoelekea kwenye chupa yenye maji chini ya kitanda, hewa na damu vitoke bila hewa ya nje kurudi. Ndugu mnaokuja kuona wagonjwa, chupa ile msiinyanyue juu ya kitanda eti mnasafisha sakafu. Yaliyomo yanaweza kurudi kifuani.

Hesabu isiyotimia

Kabla kifua hakijafungwa, hesabu inarudiwa. Hurudiwa tena wakati wa kufunga ngozi.

Nitasimulia ya kwangu. Ulikuwa upasuaji wa tumbo, usiku, miaka mingi iliyopita, hospitali siitaji. Tulianza na vitambaa 20. Nikahesabu 19. Nikahesabu tena, 19. Daktari alikuwa amesimama tangu mchana na uzi uko mkononi. Akasema, "Sista, ulihesabu vibaya mwanzo." Inawezekana. Nikasema, "Daktari, tusifunge kwanza." Kimya kilichofuata nakikumbuka mpaka leo, na mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote mle ndani. Tukatafuta tumboni, ndoo, chini ya meza, kwenye shuka. Dakika zikaenda. Kikaonekana kimenata chini ya kiatu cha muuguzi aliyekuwa anazunguka. Daktari akafunga bila kusema kitu, na kesho yake alinisalimia kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla.

Watu wanapenda simulizi za mikasi iliyosahaulika tumboni. Hutokea kweli, duniani kote, ingawa kinachosahaulika zaidi ni kitambaa. Vitambaa hivyo hushonewa uzi unaoonekana kwenye eksirei, ili kikipotea kiweze kupigwa picha. Kati ya mgonjwa na simulizi hiyo anasimama mtu mmoja mwenye namba kichwani na ujasiri wa kumwambia bingwa asubiri. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kukabidhi mikasi unaweza kumfundisha mtu kwa wiki chache.

Vyuma, radi na rufaa

Yamebaki ya mitaani. La kwanza ni radi. Kwa kuwa mkoa wetu unaijua radi vizuri, nimeulizwa mara tatu kama mwenye vyuma mbavuni ataivuta. Hapana. Radi inatafuta kilicho kirefu na kilicho wazi. Vipande vidogo vya chuma chini ya nyama havimwongezei mtu urefu. Usipande mchikichi wakati wa mvua, mwenye vyuma na asiye navyo. La pili, kutu: titani haipati kutu mwilini, ndiyo maana ikachaguliwa, na haivutwi na sumaku. La tatu, kuvitoa: kwa kawaida vinabaki humo maisha yote, labda vilegee, viingiliwe na maambukizi au vimsumbue mwenyewe. Visichanganywe na antena, zile fremu za nje ya mguu ambazo lazima zitolewe.

Kuhusu kufanyika hapa. Upasuaji huu unataka mabamba yake maalumu, picha nzuri, mtaalamu wa usingizi wa kifua, na chumba cha uangalizi chenye mashine ya kupumulia. Hospitali yetu ya rufaa ya mkoa ni Maweni. Mwenye kifua kilichopondeka anaweza kuandikiwa rufaa ya mbele zaidi, kama Bugando kule Mwanza au Dar es Salaam. Usikae nyumbani ukisubiri kuona kama itaacha kuuma. Aliyeanguka au kugongwa, akawa anahema haraka, anakohoa damu, anaweweseka, au kipande cha kifua kinaenda kinyume na kingine, apelekwe saa hiyohiyo. Asifungwe kanga. Aachwe akae mkao unaompa nafuu ya kupumua, ila kama aliumia shingo au mgongo asiinuliwe ovyo. Hata mbavu za chini zikiumia, msidharau: kulia kuna ini, kushoto kuna bandama, na vyote viwili vinavuja damu kimyakimya.

Baada ya mgonjwa kutolewa, mtu wa meza bado yupo. Meza yake haivunjwi mpaka mgonjwa ametoka mlangoni akiwa salama, kwa sababu mambo yakigeuka ghafla vyombo lazima viwe tayari. Ndipo anavikusanya, anaviloweka damu isikaukie kwenye meno ya vibanio, anavipeleka kusuguliwa kimoja kimoja kabla ya kurudi kwenye mvuke.

Haya yote nilimsomea Mama juzi, mezani kwake, kabla sijayatuma. Alisikiliza mpaka mwisho huku anafukuza inzi kwenye dagaa. Akaridhika. Akampigia binti yake hapohapo, simu ikaita muda mrefu, ikakatwa, ukaja ujumbe wa maandishi. Akanipa nimsomee kwa sababu miwani ilikuwa nyumbani. Ulisema: "Mama nitakupigia, nipo naosha vyombo."

Mama akaichukua simu, akaitazama, akaiweka kwenye mfuko wa aproni. "Nauli yote ile," alisema.